Kete Moja, Arosto Mbili

Maneno haya niliyasema baada ya sala ya Isha kwenye uwanja wa skuli moja ya Jang'ombe, wiki moja kabla ya watu kuvunja jungu. Walioniomba niyaandike walitaka yabaki kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza salamu tu, maana salamu zetu Waunguja peke yake ni hotuba.

Sheha wetu, maimamu, mama zangu mliokaa huku mbele, na nyinyi vijana mliojiegemeza kule ukutani mkidhani siwaoni: assalaam alaykum.

Nimeitwa nije niseme juu ya kuacha unga, yaani heroini. Jambo lenyewe ni bahari, na mimi usiku wa leo nataka kutupa mshipi pahala pamoja tu, kwa sababu ya mama mmoja. Mama huyu alinijia mwaka jana, akakaa kizingitini, akakataa hata maji. Akanambia: "Nina wanangu wawili, wamepishana miaka miwili. Wamelala chumba kimoja, wamekaa maskani moja, unga wamenunua kwa mtu mmoja. Nimewapeleka kuacha siku moja. Mkubwa siku ya tano keshaamka anataka urojo. Mdogo leo siku ya kumi na mbili halali, anatetemeka, anasema kuta zinamsogelea. Nambie mwanangu, huyu mdogo si hana nia tu?"

Swali hilo nimelisikia kwa sauti nyingi. Baba hulisema kwa ukali: mbona mtoto wa fulani ameacha? Imamu hulisema kwa upole: azidishe dua. Na sisi tulioacha ndio wabaya kuliko wote. Nasema sisi kwa sababu mimi ni mmoja wao, mwaka wa kumi na nne huu. Mtu kaingia soba hausi, nyumba ya kuachia unga, usiku wa kwanza, yuko sakafuni amejikunja kama kamba wa baharini, na sisi tumesimama juu ya kichwa chake: "Mimi nilimaliza kwa siku nne." Nani kamuuliza?

Nianze na kitu ambacho hapa hakuna asiyekijua. Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya alasiri, pita kwenye baraza yoyote ya kahawa. Utamkuta mmoja kajifunga kitambaa kichwani, macho mekundu, hataki hata mtoto apite na mpira. Jirani yake, ambaye mwezi mzima wamekunywa kahawa chungu kutoka dele moja, hana habari, anacheza keram. Kile kichwa ni arosto, ndugu zangu, mateso ya mwili ulionyimwa ulichozoea. Ni arosto ya kahawa. Huanza baina ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, huwa kali siku ya kwanza na ya pili, na kwa wengine huvuta mpaka wiki nzima. Sasa nambieni: yupo aliyemwambia yule mwenye kichwa kwamba nia yake ya kufunga ni ndogo? Hayupo. Tunamwambia pole, kunywa kikombe wakati wa daku. Na wenye akili huanza kupunguza vikombe tangu Shaaban, yaani tangu wiki hii tuliyomo.

Kwa nini huyu na si yule? Kwanza ini. Ini la mtu mmoja huimaliza kahawa kwa saa chache, la mwengine huibakisha mwilini mpaka kesho. Mengine mtu amezaliwa nayo, mengine ni mambo anayoyafanya. Mvutaji sigara, kwa mfano, moshi wake hulifanya ini liyeyushe kahawa haraka, karibu mara mbili ya asiyevuta. Siku akiacha sigara na kahawa akaendelea nayo kama kawaida, ile kahawa inajaa damuni. Mikono inatetemeka, moyo unaenda mbio, halali, na yeye anasema sigara inamtesa. Nusu ya mateso yale ni dele.

Basi mkiweza kulielewa lile dele, unga haupo mbali.

Nyinyi mnaotoka Nungwi na Kizimkazi mnanielewa nikisema mashua. Upepo ukikaza, mabaharia huenda kukaa upande wa joshini, upepo unakotoka, wengine wananing'inia nje kabisa, ili chombo kisilale. Upepo ukizidi, watu wanazidi kwenda. Mashua inaonekana imenyooka, ukiitazama kutoka pwani utasema hakuna tabu. Sasa upepo ukatike ghafla. Ule uzito wa watu waliokuwa wakiiokoa ndio unaoipindua. Mwili wa mtumiaji umefanya hivyohivyo. Unga unazimisha maumivu, unapunguza mapigo, unafunga choo, unakausha pua. Mwili kwa kujiokoa unapeleka watu joshini: unaongeza nguvu za kuamsha, siku baada ya siku. Ukiacha, unga umeondoka lakini wale watu bado wamening'inia. Ndio choo kilichofungwa miezi kinafunguka kama bomba, pua na macho yanatiririka, mboni zinatanuka, vinyweleo vinasimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, miayo haishi, miguu inapiga teke yenyewe.

Kwa hiyo ukitaka kujua arosto ya mtu itakuwaje, usimuangalie usoni. Uliza upepo ulikuwa mkali kiasi gani, umevuma kwa muda gani, na umekatika vipi. Heroini hutoka mwilini upesi: saa 8 mpaka 12 baada ya kutumia mara ya mwisho mtu anaanza kupiga miayo, siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na kwa wengi wiki ikiisha sehemu kubwa imepita, ingawa usingizi huchelewa kurudi. Methadoni, dawa ya spitali anayopewa mtu badala ya unga, inatoka taratibu. Ukiikata ghafla, siku ya kwanza unaweza ukajiona shujaa. Arosto yake huja baada ya siku moja au mbili, haina makali yale, lakini hukaa wiki tatu na zaidi. Vijana wanasema methadoni ina arosto mbaya kuliko unga. Wameshika nusu ya kweli: ni ndefu kwa wenye kuikata wenyewe. Ndiyo maana hupunguzwa kidogokidogo na daktari.

Na kete, kile kifurushi kidogo cha unga, haina maandishi nyuma. Leo ina unga, kesho ina vingi visivyokuwa unga. Watu wawili watasema "kete tano kwa siku" na wasiwe wametumia kitu kimoja. Anayevuta kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi au sigara, nyingi imeenda na moshi. Anayejidunga haipotei hata chembe.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa niliwahi kukosea, na kosa lile bado linaniamsha usiku.

Nilikuwa msimamizi wa zamu ya usiku katika nyumba moja, siitaji. Akaletwa mtu mzima, wa miaka arubaini hivi, wa ukoo wa heshima, kanzu imepigwa pasi. Kwenye daftari tukaandika: unga. Usiku wa kwanza alitoka jasho, tukasema arosto ya kawaida. Usiku wa pili akaanza kuokota vitu kwenye shuka, kimoja kimoja, kwa vidole viwili, anaviweka kwenye kiganja. "Chungu hawa," akanambia, "naomba mfagio." Hapakuwa na chungu hata mmoja. Alinitazama kwa adabu kabisa, kama mtu anayelalamikia uchafu hotelini. Nduguze wakasema ana shetani. Tukasoma, tukafukiza ubani, na mimi niliyekuwa msimamizi nikashika chetezo. Saa nane usiku akaanguka degege, ulimi kauuma, damu mpaka shingoni.

Tulipofika spitali muuguzi hakuuliza kuhusu unga. Aliuliza neno moja: "Pombe anakunywa?" Mkewe akaangalia chini. Kimya kikawa kirefu hata nikaisikia feni. Kisha akasema: "Gongo. Kila siku. Mwaka wa sita."

Alipona, alhamdulillahi. Lakini angalieni tulivyokaribia. Arosto ya unga inakufanya utamani kufa, na kwa kawaida haiui kama mtu anapata maji na chumvi. Anayeharisha na kutapika bila kunywa anaweza kufa kwa kukaukiwa, hilo msilichezee. Arosto ya pombe ni nyengine kabisa. Mikono hutetemeka ndani ya saa chache, degege huja katika siku mbili za mwanzo, na baina ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kupagawa, akaona wasiokuwapo, joto likapanda, moyo ukashindwa. Hiyo inaua. Dawa yake ipo spitali, tena si ya ajabu. Na kila anapoacha kavu, yaani ghafla bila dawa, na kurudi, safari inayofuata ubongo unashika moto kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo "mwaka juzi aliacha bila tabu" si dhamana ya mwaka huu.

Sisi hapa pombe tunaificha kuliko unga. Mama atasema mwanawe anajidunga, lakini kusema anakunywa, hilo haliingii mdomoni. Naelewa aibu hiyo, nimelelewa ndani yake. Lakini kwenye lile daftari la mapokezi, wallahi, aibu imekaribia kutuzikisha mtu.

Vidonge vya usingizi navyo ni ndugu wa pombe. Valiamu na wenziwe hushika mlango uleule wa ubongo. Ila Valiamu hukaa mwilini siku nyingi, na arosto yake inaweza kuanza wakati wenzake mtu wanakunja majamvi kurudi nyumbani. Wanamtazama: huyu vipi, si amekwisha maliza? Ndiyo kwanza inaanza, na nayo ina degege ndani yake.

Jambo jengine ni dawa za maradhi mengine. Pale spitali ya Kidongo Chekundu methadoni inatolewa tangu mwaka 2015, na wengi wenu mna mtu anayekwenda kila asubuhi kunywa. Kijana mmoja wa methadoni alikuwa miezi hana tatizo. Ghafla akawa mkorofi: anatoka jasho usiku, anapiga miayo alfajiri, anagomba na kila mtu, anasema kipimo chake kimepunguzwa. Kipimo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, na ndani yake mna rifampisini. Rifampisini hulichapua ini. Linaiteketeza methadoni kabla siku haijaisha. Baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya vivyo hivyo. Mtu hajabadilika tabia, ini limebadilika mwendo, na daktari akijulishwa ataongeza kipimo. Lakini lazima ajulishwe. Usiende dirisha hili ukaficha la dirisha lile.

Mama mjamzito naye nimtaje, kwa ufupi lakini kwa mkazo: msimfungie chumbani aache kavu. Arosto ya ghafla inamtikisa na aliyeko tumboni. Apelekwe kliniki, methadoni kwake ndiyo njia yenye salama zaidi.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho hakimo kwenye ini wala kwenye kete.

Kuna ndugu yetu mmoja aliyepelekwa Pemba kwa ami yake, shamba, nje kidogo ya Wete. Msimu wa karafuu, akachuma, akaanika, akawa anageuza karafuu kwenye majamvi na kukimbilia kuzikunja mvua ikija. Mwaka mzima hajagusa. Alinona, akaota ndevu nzuri. Siku ya kurudi Unguja, boti inafunga gati Malindi, hajateremka hata ngazi: miayo. Pua inavuja. Tumbo linakatika. Mwaka mzima, jamani! Unga ule ulikwisha toka damuni siku alipokuwa bado hajui njia ya kisimani. Mwili ulikuwa umeuona ule mtaa.

Hili wataalamu wameliandika zamani. Daktari mmoja, Abraham Wikler, miaka ya 1940 katika hospitali ya serikali huko Lexington, Kentucky, Marekani, aliwaona watu waliokwisha safika mwili wakianza kupiga miayo na kutokwa machozi kwa kuzungumzia tu dawa. Kule vitani Vietnam nako, karibu mmoja katika kila askari watano wa Marekani aliingia kwenye heroini. Waliporejea kwao mwaka 1971 wakubwa wao walijiandaa kwa balaa. Mtafiti Lee Robins akawafuatilia: katika kila mia waliokuwa waraibu, kiasi cha watano tu ndio waliorudia uraibu ndani ya mwaka wa kwanza. Vietnam ilikuwa imebaki Vietnam. Wetu sisi anatoka soba hausi leo, na maskani yake iko pale inapokatiza kona ya nyumbani kwao. Halafu tunamlinganisha na mwenziwe aliyehamia Chakechake.

Na hapohapo kuna hatari, nayo naomba vijana wa ukutani muisikie. Yule wa boti akishikwa na miayo pale gatini, atakimbilia kipimo chake cha zamani. Mwili umeshasahau, yeye hajasahau. Kipimo alichokuwa akikibeba mwaka jana leo kinazima pumzi. Wanaokufa baada ya kutoka jela au soba hausi wengi wanakufa hivyo.

Matumaini nayo huichezea arosto. Watafiti waliwachunguza wahudumu wa ndege wavutaji, katika safari fupi na ndefu. Hamu ya sigara haikufuata sana saa zilizopita tangu sigara ya mwisho, ilifuata muda uliobaki kabla ya kutua. Kwani hamuwajui wavutaji wetu wakati wa mfungo? Mchana kutwa wametulia, robo saa kabla ya adhana ya Magharibi hawakaliki. Mimi mwenyewe nimepata arosto tatu maishani na hakuna iliyofanana na nyengine. Ya kwanza rumande, sakafuni, hakuna mlango wa kutokea: mwili uliteseka lakini hamu ilinyamaza, maana ilijua hakuna pa kwenda. Ya pili Makunduchi kwa bibi, kitanda cha kamba, uji wa pilipili manga, mkono wake mgongoni usiku kucha, na bado ile ndiyo iliyonishinda, kwa sababu mfukoni nilikuwa na nauli ya daladala. Mtu mmoja, dawa moja, mwili mmoja. Kama mimi sikufanana na mimi, nitafananaje na wewe?

Nirudi kwa mama. Nilikwenda nikakaa na yule mdogo, nikamuuliza kama unavyomuuliza mtu, si kama polisi. Kakaake alikuwa akivuta kokteli, yeye alikuwa amejidunga miaka mitatu, kwa siri ya kakaake. Na kila usiku, ili alale, vidonge viwili vya Valiamu, baadaye vinne, baadaye hakuhesabu. Hakuna aliyemuuliza habari ya vidonge kwa sababu vidonge vinauzwa dukani, havionekani kama dawa za kulevya. Siku ya kumi na mbili ile, unga ulikuwa umeshamuaga kitambo. Kilichokuwa kikimsogezea kuta kilikuwa Valiamu. Tukampeleka spitali siku hiyohiyo, akarudishiwa kidonge kwa kipimo, kisha kikapunguzwa robo kwa robo, kwa miezi. Nia alikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Nia iko moyoni, na tabu yake ilikuwa kwenye mishipa.

Mama akanitazama, akasema: "Na mimi nilimwita mnafiki."

Ramadhani iliyopita mama yule aliniita kufuturu. Nikafika mapema, saa kumi na moja na nusu. Mkubwa nikamkuta barazani, kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, amemfukuza paka. Kumbe tangu aache unga amehamia kwenye kahawa, vikombe kumi kwa siku. Mdogo alikuwa jikoni na mamaake, anamenya muhogo. Akachungulia dirishani, kisu mkononi, akamtazama kakaake kwa huruma kubwa.

"Pole, kaka," akasema. "Au huna nia?"

Mama alicheka mpaka mwiko ukaangukia kwenye tui.